Tangi la mashine ya kufulia linavuja: silikoni, epoksi, boliti, kuchomelea au kubadilisha?

Mama mmoja wa Tabata alinipigia simu: mashine yake ya kufulia imezibwa mara tatu, na bado kila akifua anakuta dimbwi sakafuni. Nilipofungua bati la nyuma na kuilaza ubavu, nikakuta silikoni nyeupe imepakwa nene kwenye tangi kama siagi kwenye mkate. Chini yake tabaka la gundi ya njano iliyokauka, na chini kabisa matone ya supagluu. Nikaingiza kucha pembeni. Rundo lote likabanduka kwa mkupuo mmoja kama ganda la yai lililochemshwa, na plastiki ya chini yake ilikuwa safi, inang'aa, haijashikwa na chochote. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho.

"Mwanangu, ina maana gundi zote nilizonunua ni feki?"

"Hapana mama. Gundi ni nzima. Plastiki hii ndiyo haikubali gundi."

Swali lake naulizwa mara kwa mara, na jibu ambalo watu wanapewa dukani ni jina la gundi tu: chukua hii, ni kali. Ukali wa gundi si jambo la kwanza. La kwanza ni tundu liko wapi, lina umbo gani, na plastiki ni ya aina gani. Ukishajua hayo, kila njia kati ya hizi tano ina mahali pake, na hata silikoni niliyoibandua kwa kucha nitaitetea huko mbele.

Tuelewane kwa maneno. Tangi ni lile beseni la plastiki la nje linaloshika maji. Ngoma ni ile ya bati lenye matundu inayozungusha nguo ndani ya tangi.

Hakikisha kwanza ni tangi

Mashine nyingi ninazoletewa kwa kesi ya "tangi limepasuka", tangi lake ni zima. Maji yanatoka kwenye raba ya mlango, klipu ya mpira wa kutolea maji, pampu au sili ya shafti (raba inayozuia maji pale mhimili wa ngoma unapopenya mgongo wa tangi), kisha yanatambaa juu ya tangi na kudondokea mahali pasipohusika. Kwenye mashine za mabeseni mawili, ninaanza na valvu ya kutolea maji na sili iliyo chini ya feni ya kuzungushia nguo. Hapo ndipo ninapokuta kosa mara nyingi zaidi kuliko kwenye beseni lenyewe.

Chomoa waya ukutani, usiishie kuzima swichi. Futa tangi lote kwa nje mpaka likauke, kisha bandika vipande vya karatasi ya chooni sehemu unazozishuku. Mimina maji kwa jagi kupitia droo ya sabuni, au moja kwa moja kama mashine inafunguka juu, ukae na tochi. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo inayosema ukweli, hata kama maji yanadondokea upande mwingine.

Saa ya kuvuja nayo inasema mengi. Ikivuja imetulia, tundu liko chini ya usawa wa maji. Ikivuja wakati wa kumwaga maji tu, angalia pampu na mipira yake. Ikivuja wakati wa kukamua tu, ama tundu liko juu, ama kuna ufa unaofunguka tangi likitikiswa. Ukiona mchirizi wa rangi ya kutu unaoanzia katikati ya mgongo wa tangi kwenda chini, hiyo ni sili ya shafti imechoka na beringi zimeanza kuliwa. Gundi yoyote hapo ni kupoteza pesa.

Vigezo vya kupimia njia zote

Aina ya plastiki. Karibu matangi yote haya ni ya polipropilini, kwa kifupi PP, ndugu wa makopo ya siagi na bampa za magari. Uso wake ni kama jani la magimbi: gundi ukiiweka haitandazi, inajikunja kama tone la maji na kukaa juu juu. Tafuta mhuri uliochapwa kwenye tangi lenyewe, kwa mfano >PP-TD40< au >PP-GF30<. TD ni unga wa talki, GF ni nyuzi za kioo, na namba ni asilimia ya hicho kilichochanganywa. Wapo wanaopima kwa kutia kipande kwenye maji, wakisema PP lazima ielee. Inaelea ikiwa tupu; yenye asilimia 40 ya unga inazama, kwa hiyo kipimo hicho kitakudanganya. Kizuri zaidi ni asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, mradi chupa iandikwe kwamba ni asetoni. Paka tone mahali pasipoonekana. Plastiki ya ABS, inayotumika zaidi kwenye paneli na vifuniko, inalainika na kunata. PP haishtuki.

Umbo la tundu. Tundu la duara, lililotobolewa na waya wa sidiria au msumari, limemaliza safari yake. Ufa bado unatembea. Njia yoyote utakayochagua, ufa utobolewe kwanza ncha zote mbili kwa kekee ya milimita 3, maana tundu la duara linatawanya nguvu iliyokuwa inachana. Asiyefanya hivyo ataona kiraka kikikaa vizuri na ufa ukitokeza pembeni yake.

Mahali. Ukuta wa kawaida wa tangi unasamehe. Pale beringi zinapokaa, pale springi na shokapu zinaposhikwa, na pale lilipofungwa jiwe la uzito, lile linaloizuia mashine isiruke ikikamua, hapasamehi, kwa sababu panabeba mzigo wote wa mashine.

Joto. PP inapanuka sana. Tangi la nusu mita, kama PP yake haikuchanganywa na kitu, likipashwa kwa nyuzi 40 hurefuka kwa takriban milimita 2. Chuma cha urefu huo hakifiki hata robo ya kiasi hicho. Kiraka kigumu kinachokataa kufuata kitabanduka chenyewe. Anayefua kwa maji baridi siku zote ana kazi rahisi kuliko anayechemsha hadi nyuzi 60 au 90.

Mtikisiko. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika inazunguka mara 20 kila sekunde. Nguo zikikaa upande mmoja, ufa unapigwa mara 20 kwa sekunde. Ukamuaji wa dakika 8 ni mapigo 9,600. Hesabu hiyo nawapa wateja wanaoniuliza kwa nini kiraka kilichopita jaribio la maji kimekufa siku ya pili.

Kufika ndani. Baadhi ya matangi ni nusu mbili zilizofungwa kwa skrubu na raba katikati. Mengine yameunganishwa kiwandani moja kwa moja, hayafunguki.

Nafasi ya kurudia. Njia ikishindwa, inakuachia mahali pasafi pa kujaribu nyingine, au inakuharibia? Wengi hawakifikirii kigezo hiki mpaka wameshachelewa.

1. Silikoni

Kushika: kwenye PP ni kudogo mno. Inakaa kwa sababu imelala, si kwa sababu imeshika.

Joto na mtikisiko: hapa ndipo sifa yake ilipo. Ikikauka inabaki raba, inanyumbuka, inavumilia maji ya moto kuliko gundi nyingi ngumu, na tangi likipanuka inafuata. Shida ni ile kushika tu. Ikibanwa kati ya vitu viwili haihitaji kushika, inahitaji kujaza, na kazi ya kujaza inaiweza vizuri sana.

Kazi: nyepesi kuliko zote, bei ndogo. Ila watu hawana subira nayo. Ngozi ya juu inakauka ndani ya nusu saa, lakini ndani inaiva kama milimita 2 au 3 kwa siku. Ukiipaka nene jioni na kufua asubuhi, umefulia silikoni mbichi.

Ikishindwa: inaacha utando usioonekana ambao unazuia gundi nyingine yoyote kushika. Mahali palipopakwa silikoni lazima pakwanguliwe na kupigwa msasa hadi kwenye plastiki mpya. Ndiyo maana sishauri mtu aanze nayo kwenye ufa "tujaribu tu".

Inamfaa: aliyefungua tangi la nusu mbili na raba ya katikati imechoka au haipatikani, na anayeziba chini ya washa ya boliti au kuzunguka hita. Kwa ufa ulio wazi ukutani, ni ya kukuvusha siku chache.

2. Epoksi ya mirija miwili

Kushika: kwa asili yake PP inaikataa kama inavyokataa gundi nyingine, lakini epoksi inaweza kubembelezwa. Piga msasa mkali mpaka uso uwe na mikwaruzo inayoonekana kwa macho, futa kwa spiriti, kisha pitisha moto wa bluu wa tochi ya gesi haraka haraka juu ya uso bila kusimama. Moto ule hauyeyushi kitu. Unabadilisha ngozi ya plastiki ili gundi itandae. Utajua umefaulu kwa tone la maji: badala ya kukaa kama lulu, linatambaa. Paka epoksi hapo hapo, usiende kunywa chai kwanza. Yapo maji maalumu ya kupaka kabla ya gundi kwenye PP, na zipo gundi za akriliki zilizotengenezwa kwa ajili ya plastiki za aina hii. Ukizipata dukani, zinaizidi epoksi kwa mbali, na bei yake pia.

Joto na mtikisiko: epoksi za dakika 5 nyingi zinaanza kulegea maji yakikaribia nyuzi 60. Zile za kuiva polepole, za saa 24, zinavumilia zaidi. Zote zikikauka ni ngumu kama kigae, na tangi linacheza. Dawa yake ni kitambaa: kipande cha faibaglasi kilichozidi ufa kwa sentimita 3 kila upande, kilichololeshwa epoksi, ili nguvu isambae isikae mstari mmoja.

Kazi: mchana mmoja wa maandalizi, kisha kusubiri. Mtu makini anaiweza nyumbani. Ambaye hana tochi ya gesi na msasa asijidanganye, atapata lile ganda la yai.

Ikishindwa: inakwanguka, pakabaki pazuri kwa kuchomelea.

Inamfaa: mwenye mashine ya mabeseni mawili au ya kufunguka juu inayotumia maji baridi, ufa mwembamba upande wa kufulia, mahali anapoweza kufika kwa mkono. Beseni la kufulia la mashine hizo halitikiswi kama tangi la mashine ya mlango wa mbele, na nimeona viraka vya epoksi vilivyoandaliwa vizuri vikidumu. Kwa mashine inayochemsha maji, sina imani nayo.

Neno kuhusu supagluu na magadi, maana ndiyo dawa ya mtaani. Ukinyunyizia magadi juu ya supagluu inaganda papo hapo ikawa jiwe, na jiwe hilo linavutia kulitazama. Kwenye PP halijashika, na mtikisiko wa kwanza unalivunja kama biskuti.

3. Boliti na raba

Njia hii haizungumzwi inavyostahili. Haishughulikii kushika hata kidogo: inabana. Boliti ya stenlesi ya milimita 5 au 6 yenye kichwa bapa, washa pana, raba ndani na nje, nati ya kujifunga yenye plastiki ndani. Raba ya tyubu ya baiskeli inafaa. Ya tyubu ya pikipiki ni nene, inafaa zaidi. Pakaa silikoni kidogo kwenye raba kabla ya kukaza, na hapa ndipo silikoni inapopata heshima yake.

Joto na mtikisiko: raba inakunywa yote mawili. Tangi likipanuka raba inafuata. Kaza mpaka raba ianze kuvimba pembeni, usiendelee. Anayekaza kama boliti ya tairi atapasua plastiki kuzunguka tundu.

Kazi: tatizo ni kichwa cha boliti kufika ndani. Tangi la nusu mbili unalifungua. Lisilofunguka lina ujanja wake, nilioonyeshwa na fundi mzee nikiwa mwanafunzi wake. Toa hita, ambayo kwa kawaida imefungwa kwa nati moja katikati. Tumbukiza waya mwembamba kwenye tundu linalovuja, uusogeze mpaka uuone kwenye nafasi ya hita, uuvute nje. Funga waya kwenye ncha ya boliti iliyokwisha kuvishwa washa na raba yake, kisha vuta waya taratibu kutoka upande wa tundu. Boliti inasafiri ndani ya tangi na kuchungulia yenyewe kwenye tundu. Shika ncha kwa koleo, visha raba ya nje, washa, nati. Mara ya kwanza nilitumia saa nzima na jasho. Sasa ni dakika kumi.

Kabla ya kufunga chochote, zungusha ngoma kwa mkono huku ukiikandamiza kuelekea kwenye boliti. Nafasi kati ya ngoma na tangi ni ndogo, mara nyingi sentimita moja au mbili. Ngoma ikigusa kichwa cha boliti, tafuta kichwa chembamba zaidi au achana na njia hii.

Ikishindwa: unafungua, unabadilisha raba. Hakuna kilichoharibika.

Inamfaa: mwenye tundu la duara au mtobo mdogo kwenye ukuta ulionyooka, aliye na mashine ya maji baridi au ya moto. Haimfai mwenye ufa mrefu, wala mwenye tundu kwenye kona au kwenye mbavu za plastiki ambako washa haiwezi kulala sawasawa.

4. Kuchomelea plastiki

Mitaani tumezoea kuona mafundi wanaoziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto. Kanuni ni ile ile: unayeyusha pande zote mbili za ufa pamoja na fimbo ya plastiki ya aina hiyo hiyo, ziwe kitu kimoja. Gundi inakaa juu ya plastiki. Kuchomelea kunaifanya plastiki ijishike yenyewe.

Kushika: ni kwenyewe, kwa sharti moja, PP kwa PP. Vipande vya dumu la njano la mafuta ya kula havifai. Dumu lile ni plastiki nyingine, kwa kawaida lina namba 2 kwenye pembetatu ya chini, na kreti za soda ni za ukoo huo huo. Vinayeyuka pamoja na tangi, vinaonekana vimeungana, vikipoa vinaachana. Tafuta namba 5, au kipande cha bampa kilichoandikwa PP kwa nyuma. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye hana kifaa namshauri aende kwa fundi wa bampa za magari kabla ya kwenda kwa fundi wa friji. Wa bampa anashughulika na PP kila siku, fimbo anazo, na mkono wake umeshazoea.

Joto na mtikisiko: kiungo kinapanuka pamoja na tangi kwa kuwa ni plastiki ile ile, kwa hiyo maji ya moto hayakitishi. Lakini tangi lenye nyuzi za kioo halirudi nguvu yake ya kiwandani, maana nyuzi zilizokatika kwenye ufa haziungani tena. Hapo unazamisha wavu wa waya wa stenlesi ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Chujio la chai lililochoka linatoa wavu mzuri kabisa.

Kazi: toboa ncha za ufa, chimba mfereji wa umbo la V hadi nusu ya unene au zaidi, safisha. PP inayeyuka karibu na nyuzi 165, na pasi ya kulehemu ya mafundi redio inapita hapo kwa mbali, kwa hiyo kosa la kawaida ni kuunguza. Plastiki ikigeuka kahawia na kutoa moshi mzito, imekufa. Ikwangue uanze upya. Kosa la pili ni kusiliba juu kama anayepaka lipu, chini pakiwa baridi. Ncha ya pasi lazima izame kwenye mfereji na kuchanganya kuta zote mbili na fimbo. Fanyia mahali penye hewa, na jifunze kwanza kwenye kipande cha bampa bovu, usijifunzie kwenye tangi.

Ikishindwa: unaweza kurudia mara moja au mbili. Kila ukirudia plastiki inazidi kuchoka.

Inamfaa: mwenye ufa, hasa kwenye mashine inayochemsha maji, na mahali ambapo pasi inafika. Ni kazi ya ustadi. Ikifanywa vibaya, matokeo yake ni mabaya kuliko epoksi iliyofanywa vizuri.

5. Kubadilisha tangi

Kushika, joto, mtikisiko: hakuna kiraka, hakuna wasiwasi, ikiwa tangi ni zima.

Kazi: kubwa. Kila kitu kinatoka: jiwe la uzito, mota, hita, mipira, springi, shokapu. Ni kazi ya kutwa kwa fundi anayeijua modeli hiyo. Tangi jipya ni adimu kwa modeli nyingi zinazoingia hapa zikiwa zimetumika, kwa hiyo wengi wananunua la mashine iliyokufa kwa sababu nyingine. Likague mwenyewe kabla ya kulipa. Zungusha ngoma usikilize beringi: mlio wa mchanga maana yake unanunua ugonjwa mwingine. Kisha angalia ule msalaba wa alumini unaoshika ngoma kwa nyuma. Kwa sisi tunaofulia maji ya kisima yenye chumvi, alumini hiyo inaliwa ikawa kama mkate ulioota ukungu, na siku ikivunjika ngoma ndiyo inayopasua tangi. Nimeona matangi yaliyozibwa kwa ustadi mkubwa yakipasuka tena kwa sababu hakuna aliyegeuza macho kwenye msalaba.

Ikishindwa: hasara ni kubwa kuliko njia zote nyingine zikijumlishwa.

Inamfaa: ambaye ufa wake uko penye beringi, springi, shokapu au jiwe, na mashine yake bado ni nzuri kwa mengine yote. Mashine ikiwa imechoka kila upande, pesa hiyo ianze kuwekwa kwa ajili ya nyingine.

Kwa hali uliyonayo

Una tundu dogo la duara kwenye ukuta ulionyooka: jaribu boliti na raba kabla ya kitu kingine, mradi ngoma haigusi.

Una ufa mwembamba kwenye beseni la maji baridi, na unapenda kazi ya mikono: epoksi ya saa 24 na kitambaa. Huna tochi wala msasa: peleka kwa fundi wa bampa, gharama itakaribiana na ya gundi tatu zitakazobanduka.

Una ufa kwenye mashine inayochemsha: kuchomelea, na wavu ndani kama mhuri unasema GF.

Maji yanatoka kwenye maungio ya nusu mbili za tangi: raba mpya ikipatikana, silikoni isipopatikana. Acha siku mbili kabla ya kutia maji.

Ufa umegusa sehemu inayobeba mzigo: usizibe. Kwenye mashine nyingi za mlango wa mbele mota inakaa chini ya tangi, na kiraka kikiachia katikati ya kukamua maji yanaangukia kwenye umeme. Acha kuitumia, upige hesabu ya tangi lingine.

Una mtoto mchanga, nepi zimejaa, na fundi anakuja Jumamosi: silikoni au hata mkanda wa kuzibia mabomba utakuvusha, maji baridi, bila kukamua, nawe ukiwa karibu. Mwambie fundi ulichopaka, ili ajue pa kukwangua.

Kwa mama wa Tabata nilichomelea. Mashine yake inachemsha, na ufa ulikuwa chini, kwenye ukuta, mbali na mzigo. Kabla ya kufunga nilipitisha vidole ndani ya tangi kupitia nafasi ya hita, na chini kabisa nikagusa kitu cha duara: sarafu ya shilingi 200, imesagika ukingo wote kwa kubanwa na ngoma. Ningeziba nikaiacha humo, ingetoboa pengine ndani ya mwezi. Tulijaza maji baridi tukakaa nusu saa. Kisha maji ya moto bila nguo. Kisha taulo mbili na kukamua hadi mwisho. Nikamwomba atandike gazeti chini ya mashine kwa wiki nzima, na kila akimaliza kufua alitazame kabla maji ya sakafuni hayajachanganyika na ya ndoo. Siku ya nane alinitumia picha ya gazeti. Lilikuwa kavu, na juu yake amekusanya sarafu nyingine tatu alizozitoa kwenye mifuko ya suruali.